Usijaze mchanga, tafuta matambaa
Mdau unayeuliza kama ujaze mchanga kwenye sanamu la mazoezi ya judo, lile la kujifunzia kurusha mtu, achana na hilo wazo kabisa, mchanga wote unashuka chini unashindiliana unakuwa mgumu kama tofali, ukiangukia na kiwiko umekwisha. We nenda soko la mitumba la Memorial hapo Moshi tafuta ovaroli ya mtumba, ile nzito ya mafundi gereji, hiyo ndo mwili wa sanamu, na manguo yaliyochoka utapewa kwa bei ya kutupa, hayo manguo yakate vipande vidogo vidogo ushindilie ndani ya ovaroli taratibu kuanzia miguuni maana ukijaza kwa pupa katikati panabaki hewa jamaa anapinda kiuno kila ukimnyanyua. Maranda ya seremala ni mepesi kupata ila yanavuta unyevu, masika ikikolea sanamu zima linanuka, mi siyapendi. Shingoni na mapajani piga uzi wa fundi viatu mara mbili, hapo ndo pa kwanza kufumuka ukianza kulirusha. Uzito anza hata na kilo 20 utaongeza baadaye, mgongo hauna spea. Alafu zipu ya ovaroli ing'oe ushone kabisa, ile chuma inachuna ngozi balaa.