Mizani ya springi isiyorudi sifuri

Swali: Nina mizani ya kuning'iniza ya kilo 25. Siku hizi mshale unasimama kwenye gramu 600 hata ndoana ikiwa tupu, na sijawahi kupima kiroba kinachozidi kilo 20. Imeharibikaje? Nirudishe sifuri kwa skrubu ya juu?

Jibu: Kiroba cha kilo 20 kinaweza kuibebesha springi kilo 40, kutegemea unavyokiachia. Uzito wake ni kani ya nyutoni 196. Tuseme kikitulia kinairefusha springi kwa sentimita 4. Ukikitundika na kukiachia ghafla, kinafika sentimita 4 kikiwa bado na mwendo, kinapitiliza hadi karibu sentimita 8, na hapo springi inavutwa kwa nyutoni 392. Kikidondokea ndoana kutoka juu, inazidi. Chuma cha springi hurudia umbo lake mradi hakijavutwa kupita kikomo cha unyumbufu. Kikipita, urefu fulani hubaki hata mzigo ukiondoka, na gramu 600 zako yaelekea ndizo hizo.

Kabla ya kugusa skrubu, tundika ndoo tupu, soma, kisha ongeza maji lita 5 kwa mara nne, ukisoma kila mara. Lita 1 ya maji ni kilo 1, pungufu ya gramu chache tu. Mshale ukisogea kilo 5 kila mara, ugumu wa springi haujabadilika, rudisha sifuri uendelee. Ukisogea 4.6 kisha 5.3, skrubu itaficha kosa penye sifuri tu na vipimo vitaendelea kukosea. Fungua, uangalie kama springi inakwaruza ubavuni au meno ya gia ya mshale yamelika. Mwisho acha kilo 20 zikae dakika 10, uzishushe taratibu. Sifuri ikihama tena, badilisha springi.

Usikubali springi ya kukisia: waya ukizidi unene kwa asilimia 5 tu, ugumu unapanda zaidi ya asilimia 20. Wala fundi asiipashe moto ile ya zamani ili airudishe umbo, maana joto huondoa uimara kiliotiwa chuma kiwandani. Ukiwa Tanzania na unauzia watu kwa mizani hiyo, ikishafunguliwa ipeleke Wakala wa Vipimo ihakikiwe upya.

Kuanzia sasa, kiroba kishike kwa mikono miwili hata baada ya ndoana kukipokea, na ukiachie polepole mpaka mshale utulie.