Jibu kwa dada yangu wa Arua kuhusu kusomea radiografia Uingereza

Dada yangu mpendwa, ujumbe wako umenifikia na nimeusoma zaidi ya mara moja kabla ya kuujibu. Umesema binti yako amemaliza kidato cha sita kwa masomo ya fizikia, kemia na biolojia, kwamba anataka kuja huku kusomea radiografia, na kwamba mteja wa kile kiwanja cha marehemu baba amekwisha kupatikana. Unataka kujua masharti ni yapi na karo ni kiasi gani. Nitakujibu kama mjomba wa mtoto huyo, na pia kama mtu anayefanya kazi hiyo hiyo hapa Leeds, na ninakuomba usitie saini karatasi yoyote ya kiwanja kabla hujafika mwisho wa barua hii.

Kwanza ajue anaomba nini. Kuna radiografia ya uchunguzi, yaani eksirei na picha nyingine za ndani ya mwili, na kuna radiografia ya tiba ya mionzi, inayowahudumia wagonjwa wa saratani. Sote tunakumbuka mwaka 2016, mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini mwetu Uganda ilipoharibika pale hospitali ya Mulago, Kampala, na wagonjwa wakakosa pa kwenda. Kwa hiyo asiidharau hiyo ya pili kwa sababu tu haijui. Shahada zote mbili huchukua miaka 3 England na miaka 4 Scotland, na ni lazima kozi iwe imeidhinishwa na HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa fani hii, kwa maana bila usajili wake hakuna hospitali itakayomruhusu kumgusa mgonjwa.

Maombi hupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vikuu vya huku, ambako mwombaji huchagua vyuo visivyozidi 5, na hutumwa mwezi wa Januari kwa masomo yanayoanza Septemba. Vyuo vingi huomba alama za kiwango cha BBB au BBC katika masomo matatu ya kidato cha sita, somo la sayansi likiwamo, pamoja na ufaulu mzuri wa hisabati na Kiingereza katika UCE, ule mtihani wetu wa kidato cha nne. Nafasi za wanafunzi wa kigeni ni chache, kwa sababu kila mwanafunzi lazima apatiwe hospitali ya kufanyia mazoezi. Hakuna haja ya wakala. Mimi nilimlipa mmoja pale Kampala, akanijazia fomu ambayo ningeweza kuijaza mwenyewe kwa siku moja, na hata jina la kozi akalikosea.

Kiingereza ndicho kinachowashangaza wengi wetu. Ingawa tumesoma kwa lugha hiyo tangu shule ya msingi, Uganda haimo katika orodha ya nchi ambazo raia wake husamehewa mtihani, na kozi hii kwa kawaida hudai alama 7.0 katika IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, bila sehemu yoyote kuwa chini ya 6.5. Zamani niliona huo ni uonevu. Sioni hivyo tena tangu usiku mmoja wa mazoezi yangu, nilipoletewa bibi mzee aliyevunjika nyonga, asiyesikia vizuri na mwenye maumivu makali. Kabla ya kupiga picha ni lazima umwulize mgonjwa jina lake, tarehe ya kuzaliwa na anwani, ili usimpige mionzi mtu asiyehusika. Nilimwuliza mara tatu, naye mara tatu akanitazama bila kunielewa, mpaka nilipoinama karibu na sikio lake na kulitamka kila neno polepole. Akanishika mkono na kusema, “Sasa nimekusikia, mwanangu.”

Sasa nije kwenye pesa. Mwanafunzi wa kigeni hutozwa karo isiyofanana na ya mwenyeji. Kwa kozi hii mara nyingi ni kati ya pauni 16,000 na 30,000 kwa mwaka. Ukichukua pauni 18,000 tu, hizo ni zaidi ya shilingi milioni 80 za kwetu, na utazilipa mara tatu. Ruzuku ya pauni 5,000 ambayo serikali huwapa wanafunzi wa afya wa England haimhusu yeye. Ada ya huduma za afya ni pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, na hudaiwa yote kwa mkupuo siku ya kuomba viza. Juu ya hayo ataonyesha kwamba ana benki pesa za kujikimu za miezi 9, ambazo nje ya London ni pauni 1,171 kwa mwezi, na pesa hizo zikae siku 28 mfululizo bila kupungua. Tena ziwe katika akaunti yake, au ya mzazi au mlezi wake wa kisheria. Zikiwa kwangu mimi hazihesabiki, dada, kwani mjomba kwao si mzazi.

Usimwamini anayekuambia kwamba mtoto atajilipia karo kwa vibarua. Wakati wa masomo haruhusiwi kuzidisha saa 20 za kazi kwa wiki, na wiki za mazoezi hospitalini ni kazi ya kutwa, zamu za usiku zikiwamo, bila malipo. Mwaka wangu wa pili karo ilinikwamia, chuo kikanifungia mtandao wake na kuzuia matokeo yangu, na nilijua kwamba wakinifuta watalazimika kuiarifu Idara ya Uhamiaji, na viza itakatizwa. Niliokolewa na ng'ombe ambao baba aliwauza bila kuniambia. Nililijua hilo siku ya matanga yake.

Ndiyo maana nakushauri afanye kwanza shahada ya radiografia pale Makerere, ajisajili na Baraza la Wataalamu wa Afya Shirikishi, afanye kazi miaka kadhaa, kisha aombe usajili wa HCPC akiwa mtaalamu. Huenda wakamdai mafunzo ya ziada, na kupata mwajiri atakayemdhamini si jambo jepesi. Lakini atakayekuja kwa viza ya wafanyakazi wa afya halipi ile ada ya huduma za afya, na anaweza kuja na mwenzi na watoto, jambo ambalo mwanafunzi wa shahada ya kwanza haruhusiwi. Na kiwanja kitabaki.

Akishikilia kuja sasa, sitamzuia. Aanze chanjo ya homa ya ini aina ya B, atafute cheti cha tabia njema, na apimwe kifua kikuu katika kliniki iliyoidhinishwa Kampala; huko atasimamishwa mbele ya mashine ya eksirei na kuambiwa avute pumzi na kuishikilia. Amwangalie vizuri huyo anayemwambia hivyo, maana ndiyo kazi anayoiomba. Kabla ya yote aende hospitali ya rufaa ya hapo Arua, aombe kushuhudia kazi ya chumba cha eksirei kwa wiki moja, kisha anipigie Jumapili jioni nikitoka zamu, karatasi ya matokeo ikiwa mkononi.