Usiikate barua pepe kwa mkono wako

Shangazi yangu ana duka la vifaa vya shule hapa Kisumu, hatua chache kutoka Oginga Odinga Street. Oda zake nyingi hutoka shule za Siaya, Vihiga na Busia, na siku hizi walimu wakuu wengi huziandika kwa barua pepe kwa sababu wanataka kitu cha kuweka kwenye faili. Kila asubuhi karani alikuwa akizinakili moja moja kwenye daftari. Nikajitolea kuandika skripti ya Python, yaani programu fupi, ya kuzisoma na kuzipanga kwenye jedwali. Ilinichukua jioni mbili, na kwa wiki tatu hatukusikia lalamiko lolote.

Kisha mwalimu mkuu mmoja akapiga simu. "Mama, niliagiza rimu 120, nimeletewa 12. Mitihani inaanza Jumatatu."

Kwenye simu ya shangazi barua ilisema 120. Kwenye jedwali langu, 12. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Hiyo sufuri imeenda wapi, mwanangu?" Akatafuta gari la kupeleka rimu 108 zilizobaki, nauli akalipa yeye. Mimi nikakaa na laptopu mpaka usiku wa manane.

Nilipoifungua barua ghafi, yaani vile inavyosafiri kabla simu haijaipamba, nilikuta hivi:

rimu 12=
0 za A4

Nawaomba muitazame vizuri hiyo alama ya = mwishoni mwa mstari. Barua pepe zilizaliwa wakati mitambo ilibeba herufi za msingi za Kiingereza tu, kwa mistari mifupi. Viwango vya barua pepe viitwavyo MIME, vya 1992, vikaweka namna ya kuyafunga maandishi ili yafike salama. Mojawapo huitwa quoted-printable, na mstari wake hauruhusiwi kuzidi herufi 76. Ukizidi, programu inayotuma huukata, hata katikati ya namba, na kuacha = kuonyesha kwamba maneno yanaendelea chini. Namna nyingine ni base64, ambayo hugeuza barua nzima kuwa msururu wa herufi usiosomeka kwa macho. Skripti yangu ilisoma mstari kwa mstari ikitafuta tarakimu. Ilipoona 12 ikaandika 12.

Kwa hiyo, kama unaanza leo, usianze kwa kukatakata mistari. Python inakuja na maktaba iitwayo email ambayo inayajua haya yote. Wewe ipe barua ghafi nzima (hapa naiita data), ikufungulie:

from email import message_from_bytes, policy
barua = message_from_bytes(data, policy=policy.default)
sehemu = barua.get_body(preferencelist=('plain', 'html'))
maandishi = sehemu.get_content()

Usisahau policy.default. Bila hiyo utapewa barua ya mtindo wa zamani isiyo na get_body, na kichwa cha habari chenye herufi zisizo za Kiingereza kitakujia kama =?UTF-8?B? na vurugu nyuma yake. Hakikisha pia kwamba sehemu si None, yaani tupu, kabla ya kuendelea, maana kuna walimu wanaotuma PDF peke yake bila neno hata moja.

Baada ya kufungua ndipo utafute namba, na hapo pia pana mtego. Mtu akijibu barua ya awali kuomba "niongezee chaki katoni 2", oda yake ya zamani huwa imening'inia chini, kila mstari ukianza na >. Skripti isiyojua hilo itaihesabu oda ileile mara ya pili. Mimi huitupa mistari hiyo kwanza.

Kuunganisha na sanduku la barua si kazi kubwa: tumia imaplib, maktaba nyingine ya Python ya kusomea barua zilizo kwenye seva, kupitia mlango (port) 993. Kama ni Gmail, nenosiri lako la kawaida litakataliwa. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha utengeneze nenosiri la programu (app password).

Ila ukiiomba seva barua, tumia amri ya BODY.PEEK[] wala si BODY[]. Hiyo ya pili huitia barua alama kwamba imeshasomwa papo hapo. Stima ikikatika kabla hujaiandika kwenye jedwali, na hapa hukatika, skripti itakaporudi kutafuta barua mpya itairuka oda hiyo na hakuna atakayejua. Andika kwanza kwenye jedwali, halafu weka alama. Hifadhi pia Message-ID, yaani kitambulisho, ya kila barua ili ikipita tena uitambue.

Na usiilazimishe skripti ielewe kila kitu. Yetu ikikuta oda isiyoeleweka huiweka kwenye folda ya karani, naye huisoma mwenyewe au humpigia mwalimu. Hata zinazoeleweka, jedwali linaonyesha namba na, pembeni yake, sentensi ilikotoka. Karani huzipitia akinywa chai, na mzigo hauondoki dukani kabla hajaweka tiki.

Nina folda nyingine ya barua ghafi zilizowahi kunisumbua, na kila nikibadilisha skripti huipitisha humo kwanza. Barua ya zile rimu 120 ndiyo faili namba moja.