Ni "run", si "set"

Kuna anayesema neno la Kiingereza lenye maana nyingi zaidi ni "set". La yakhe, "set" ilishapokonywa taji hilo. Sasa ni "run", yaani kukimbia. Toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, la 1989, liliipa "set" maana kama 430, na hiyo ndiyo rekodi tuliyoikariri wengi. Walipokuja kuipitia "run" upya kwa toleo la tatu, wakafika maana 645, tena za kitenzi peke yake. Mhariri wake, Peter Gilliver, alikaa nayo miezi tisa! Kwa hiyo aliyesema "set" hakudanganya, kitabu chake tu kikuukuu.

Sababu kubwa ni mashine. Zamani alikimbia mtu, farasi, na maji ya mto. Zikaja injini, reli, kisha kompyuta, na Mwingereza akazitia zote kwenye neno lile lile. Mimi nashughulika na makaratasi ya mizigo hapa Kilindini. Barua moja ya Kiingereza niliyoifungua leo ilikuwa na "run" mara tatu: jenereta inafanya kazi, mkataba unaendelea mpaka Juni, dizeli inakwisha. Kumweleza dereva nikahitaji vitenzi vitatu. (Nasi tusicheke sana, tunapiga pasi, deki, simu na mswaki, na hakuna anayeumia.)

Ila hiyo 645 ni hesabu ya Oxford. Kamusi ndogo huzikusanya maana zinazokaribiana, kwa hiyo ukifungua ya mezani utakuta chache kuliko hizo.