Je, entropi ni vurugu?

SWALI: Nafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita. Darasani tunatumia Kiingereza, lakini jarida la klabu yetu ya sayansi tunaliandika kwa Kiswahili. Mwanafunzi mmoja ameleta makala yenye maneno haya: "Entropi ni vurugu. Baada ya Mlipuko Mkuu dunia ilikuwa na vurugu kidogo, na tangu hapo vurugu inaongezeka. Mitetemo ya umakanika kwanta ndiyo iliyozaa galaksi." Mwenzangu anashauri tufute "entropi" tubaki na "vurugu", kwa kuwa ndilo neno la Kiswahili. Je, ana haki? Na maneno mengine yamekaa sawa?

JIBU: Mwalimu, nimefurahi sana kuona kijana wa sekondari akiandika habari hizi kwa Kiswahili, na ndiyo maana nitamkosoa kwa kina. Nikitakiwa kufuta neno moja kati ya hayo mawili, nitafuta "vurugu".

Tazama linavyotumika. Vurugu hutokea sokoni, uwanjani, kwenye mkutano wa kisiasa. Neno limetokana na kuvuruga, na anayevuruga huvuruga kitu kilichokuwa kimetulia. Kwa hiyo ndani yake kuna lawama, na kuna mtu wa kulaumiwa. "Fujo" na "machafuko" nayo ni hivyo hivyo. Entropi haina mvurugaji. Mwanafizikia Mjerumani Rudolf Clausius aliliunda jina hilo mwaka 1865 kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mageuko, akizungumzia joto na kazi inayoweza kupatikana kutoka kwenye joto. Mwaka 1877 mwanafizikia wa Austria, Ludwig Boltzmann, akaieleza entropi kwa hesabu: ni kipimo cha wingi wa namna ambazo chembe zinaweza kujipanga huku hali ya jumla tunayoiona ikibaki ile ile. Mlinganyo wake umechongwa kwenye kaburi lake mjini Vienna.

Fukiza udi chumbani. Moshi hutoka kwenye chetezo ukatanda hadi pembeni, kwa sababu namna za chembe zake kuenea chumba kizima ni nyingi mno kupita namna za kubaki zimejikusanya juu ya kaa. Entropi imepanda, lakini hakuna fujo iliyofanyika. Chumba kilichojaa moshi ulioenea sawasawa kina utulivu kuliko kile chenye moshi unaozunguka juu ya chetezo. Hapo tayari "vurugu" imeshatuelekeza upande usio wake.

Kwenye mwanzo wa ulimwengu upotoshaji huo ni mkubwa zaidi, na hapa ndipo ningependa mwanafunzi wako akae kwa muda. Mwaka 1965 wanasayansi wa Marekani Arno Penzias na Robert Wilson walitangaza kwamba wamenasa mnururisho hafifu unaotoka kila upande wa anga. Ni masalia ya mwanga ulioachiliwa miaka 380,000 hivi baada ya mwanzo, wakati ulimwengu ulipokuwa na joto la kelvini 3,000 hivi. Leo umepoa hadi kelvini 2.7. Mnururisho huo unakaribia kulingana kabisa pande zote. Tofauti zake, ambazo satelaiti ya COBE ilizionyesha mwaka 1992, ni za kiasi cha sehemu moja katika 100,000. Yaani ulimwengu mchanga ulikuwa gesi ya moto iliyoenea kila mahali. Mtu aliyefundishwa kwamba entropi ni vurugu akiona gesi ya namna hiyo, iliyochanganyika isiweze kuchanganyika zaidi, atasema hiyo ndiyo entropi ya juu kabisa. Kumbe ilikuwa ya chini mno.

Sababu ni mvutano, yaani graviti, nguvu inayovuta vitu vyenye uzito vikaribiane. Moshi wa chumbani ni mwepesi kiasi kwamba chembe zake hazivutani kwa kiwango cha kuhesabika, ndiyo maana kuenea ndiko mwisho wake. Mata (vitu vyote vyenye uzito) ya ulimwengu mzima huvutana, na penye mvutano mambo hugeuka: kukusanyika ndiko kunakoongeza entropi, maana mata ikijikusanya hutoa joto na mwanga vinavyosambaa kote. Mwanafizikia Mwingereza Roger Penrose amelisisitiza jambo hili kwa miaka mingi. Kilele chake ni mashimo meusi, mahali ambapo mata imekusanyika mno hata mwanga hauwezi kutoka. Kwa kanuni ya wanafizikia Bekenstein na Hawking, inayokadiria entropi ya shimo jeusi, entropi ya shimo jeusi moja tu, lile lililo katikati ya galaksi yetu lenye uzito wa jua zipatazo milioni nne, inazidi entropi ya mnururisho wote wa masalia katika ulimwengu tunaoweza kuuona. Sasa jaribu kumweleza msomaji jambo hilo kwa neno "vurugu" peke yake. Haiwezekani. Nami sioni aibu yoyote Kiswahili kuipokea "entropi" kama kilivyopokea "fizikia".

"Mlipuko Mkuu" limeshazoeleka, sitapigana nalo. Lakini ukiliweka karibu na "vurugu", msomaji ataona bomu na vifusi vikiruka kutoka mahali fulani, na hilo silo linalosemwa. Anga yenyewe ilipanuka, kila mahali kwa pamoja. Mara baada ya kulitaja, mwandishi atumie kitenzi "kupanuka". Na "dunia" aiache kwa sayari yetu. Hapa panatakiwa "ulimwengu".

"Mitetemo" ningeibadilisha. Mtetemo ni mwendo wa kurudiarudia, kama wa uzi wa gitaa, nao una kipimo cha mara ngapi kwa sekunde. Hapa tunazungumzia tofauti ndogo za nasibu ambazo nadharia ya kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo kabisa kama atomu na chembe zake, hairuhusu ziwe sifuri. Ninapendelea "mitetereko": kitu kinachotetereka huondoka kwenye usawa wake bila mpango. Kwa mujibu wa wazo alilolitoa mwanafizikia Mmarekani Alan Guth mwaka 1981, ulimwengu ulipanuka ghafla na kwa kasi kubwa mno ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde ya kwanza, na upanukaji huo ndio uliozivuta tofauti hizo ndogo zikawa mbegu za galaksi. Kipindi hicho tunaweza kukiita "mfumuko", ilimradi kiandikwe "mfumuko wa ulimwengu" kikamilifu, kwa kuwa wasomaji wengi wanalijua neno hilo kwenye bei za vitu. Wazo lenyewe linakubaliwa na wengi ila halijathibitishwa, kwa hiyo "ndiyo iliyozaa" ni kali. "Huenda ndiyo iliyozaa" inatosha.

"Umakanika kwanta" si kosa. Kwa jarida la wanafunzi, hata hivyo, ningesema "fizikia ya kwanta", maana makanika kwa wengi ni fundi wa gereji. "Kwanta" iwe ngeli ya i-/zi-: kwanta hii, kwanta hizi.

Ningeiandika hivi: "Ulimwengu ulianza ukiwa na entropi ndogo sana, kwa kuwa mata yake ilikuwa imeenea karibu sawasawa na mvutano ulikuwa haujaikusanya. Huenda mitetereko ya kwanta ya nyakati za mwanzo kabisa ndiyo iliyozaa galaksi."

Limebaki "inaongezeka". Kwa jambo linaloendelea sasa ulimwenguni, -na- inafaa. Akitaja sheria yenyewe ya entropi atumie kanushi: "entropi ya mfumo uliotengwa (usiopokea wala kutoa nishati au mata) haipungui." "Huongezeka daima" si sahihi, kwa sababu mfumo uliokwisha kufikia usawa hauongezi entropi, unabaki ulipo.