Sheikh, nyama ya paa aliyekamatwa na mbwa inaliwa?

Waalaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh kijana wangu. Meseji yako nimeisoma mara mbili, na nitaieleza kidogo ili na wengine wafaidike maana najua hili mnaulizana sana huko shamba. Kijana huyu yuko upande wa Muyuni, kusini Unguja. Jumapili kaenda kusasa, yaani kuwinda, na wenzake wawili, mbwa tisa, na njiani mbwa koko mmoja asiye na mwenyewe akajiunga nao. Wakapata paa wawili, wa kwanza wamemkuta keshakufa na mbwa wote wako juu yake, wa pili kashikwa yuko hai wakamchinja. Nyama wameosha kwa maji tu, imepikwa, mama mkwe wake kuja kujua imetoka kwa mbwa kaimwaga yote na kusema mbwa na Uislamu ni mbalimbali. Anauliza ilikuwa halali au haramu, na mbwa wake amfukuze?

Kwanza mwanangu tulia. Mawindo ya mbwa yamo ndani ya Qur'ani, Suratul Maida aya ya 4, Mwenyezi Mungu kahalalisha vizuri na kile wanachotukamatia wanyama wa mawindo tuliowafundisha, tule na tumtaje jina lake. Sasa angalia hapo, wanachotukamatia sisi. Mambo yote ya kusasa yanazunguka hapohapo: huyu mbwa kakushikia wewe au kajishikia yeye mwenyewe? Adiy bin Hatim, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa mtu wa mawindo na alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama unavyoniuliza wewe leo, akajibiwa, maana yake, ukimtuma mbwa wako uliyemfundisha na ukataja jina la Allah basi kula alichokushikia, lakini akila usile kwani kajishikia mwenyewe. Adiy akauliza, na nikimkuta na mbwa mwengine? Akaambiwa usile, maana wewe umetaja jina la Allah kwa mbwa wako, hukulitaja kwa yule mwengine. Hadithi hii iko katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim.

Kwa hiyo jibu la paa wa kwanza limeshatoka. Mbwa wenu tisa kuchanganyika si tatizo, nyote Waislamu na kila mtu katuma wake, lakini yule koko hakutumwa na mtu, kaingia kwa njaa yake, na hamjui meno ya nani yaliyomuua. Paa yule haliwi. Mama mkwe wako hapo kapatia, ingawa sababu aliyoitaja siyo.

Wa pili ni halali bila shaka, hata koko angekuwa wa mwanzo kumshika, maana mmemuwahi hai mkachinja. Sahaba mwengine, Abu Thaalaba al-Khushani, alimuuliza Mtume kuhusu mbwa asiyefundishwa akaambiwa ukiwahi kuchinja basi kula. Ila mwanangu kuosha kwa maji tu hakutoshi kwetu sisi Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, pahala palipong'atwa ni najisi, Imam Nawawi, mwanachuoni wa madhehebu yetu, kasema kauli sahihi zaidi ni kwamba najisi hiyo haisamehewi lakini inatosha kuosha kwa maji na udongo, mara saba na moja iwe ya udongo, wala hulazimiki kukata kipande ukatupa. Wenzetu wa madhehebu ya Imam Maliki kwao mbwa si najisi, kwa hiyo aliyekula bila kujua tusimtie hofu.

Na angalieni sana nyavu na rungu, hapa wasasi wengi wanateleza bila kujua. Paa akinyongwa na wavu akafa, au akafa kwa pigo la rungu kabla hamjamchinja, huyo ni mzoga, aya ya 3 ya sura hiyohiyo imewataja aliyenyongeka na aliyekufa kwa kipigo. Kisu kiwe kiunoni na kiwe kikali. Bismillah semeni mnapowaachia mbwa, kwetu ni sunna lakini wanavyuoni wengine wanaifanya sharti, sasa kwa nini uiache?

Mbwa usimfukuze. Mtume kataja kwamba mwenye kufuga mbwa anapungukiwa thawabu kila siku, lakini akawatoa watatu, mbwa wa mifugo, wa shamba na wa mawindo, na wako yumo. Mjengee banda nje ya nyumba, mpe chakula na maji kila siku, siyo mnawatumia Jumapili halafu wiki nzima wanazurura kula mbuzi za watu, ukizembea hivyo mbuzi wa jirani unamlipa. Inaniuma mimi nikisikia wasasi wanatengwa hata salamu hawapewi, na hao hao ndio wanaoitwa usiku nguruwe wakiingia kwenye muhogo, bibi mjane hana ukuta wa mawe wala bunduki, nani anamlindia konde lake kule maweni kama si vijana na mbwa wao? Kuua nguruwe anayeharibu mazao hakuna ubaya. Kumuuza haifai, hata kama mnunuzi si Muislamu na pesa ni nzuri, Mtume kakataza kuuza nguruwe kama alivyokataza pombe na mzoga. Mkitaka wapeni mbwa nyama yake, lakini si pale pale porini, maana mbwa akizoea kula anachokamata kesho atakula na paa, na hapo huyo si mbwa aliyefundishwa tena mpaka mumfundishe upya.

Paa nunga je, yule paa wa aina adimu, mkimkuta? Mwiteni mbwa arudi. Mnyama huyu duniani kabaki hapa Unguja na misitu michache ya pwani ya Kenya kama Arabuko-Sokoke, na kulindwa kwake ni amri ya wenye mamlaka kwa maslahi ya watu wote, kuitii ni wajibu. Na mbwa asiyeacha akikatazwa pia hajafuzu, kwa Mashafi hilo ni sharti mojawapo la mbwa wa mawindo.

Sufuria ya mama mkwe ioshe mara saba, moja kwa udongo, halafu mrudishie mwenyewe kwa mkono wako na umuombe radhi, kisha ukipata mwengine mchinje, muoshe mbele yake, naye aone.