Kwa nini gemu huharibika mkononi? Maswali yenu na majibu

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Mhusika wangu akitembea, ukuta unamzuia. Akipanda gari na kukimbia, anapenya ukuta na kudondoka nje ya ramani. Simu yangu ni mbovu?

JIBU: Simu si mbovu, ila huenda inachangia. Gemu hukagua kama gari limegusa ukuta mara kadhaa kwa sekunde, mara nyingi 60. Katikati ya ukaguzi mmoja na mwingine haioni kitu. Gari linalokwenda mita 30 kwa sekunde husogea nusu mita kati ya kaguzi hizo. Ukuta ukiwa na unene wa sentimita 20, na gemu ikikagua nukta moja tu ya gari, ukaguzi wa kwanza unaweza kulikuta gari upande huu, unaofuata ukalikuta ng'ambo. Hakuna uliolikuta ukutani, basi gemu haina sababu ya kulizuia.

Sasa simu ipate moto, fremu (picha zinazochorwa kila sekunde) zishuke hadi 20. Kuna gemu ambazo ukaguzi wake hufuata fremu, kwa hiyo kila mruko wa gari unakuwa mita 1.5 na hata ukuta mnene haufui dafu. Zima vivuli, punguza ubora wa picha, kisha funga fremu kwenye 30. Fremu 30 zisizoyumba ni salama kuliko 60 zinazopanda na kushuka.

Ukishadondoka, usisevu! Kosa hili ndilo linalotuuma zaidi kwa niaba ya wachezaji: kusevu juu ya faili lile lile, kisha kila ukifungua gemu unaanzia kule kule shimoni. Sevu kwa zamu kwenye faili tatu tofauti, na uifute ile ya zamani kuliko zote pale tu mpya inapofunguka vizuri.

SWALI: Ni kweli Pac-Man haimaliziki?

JIBU: Ile ya mashine ya mwaka 1980, ndiyo. Namba ya levo imewekwa kwenye baiti moja, ambayo hubeba 0 hadi 255 tu. Kwa kuwa gemu huanza kuhesabu na 0, levo ya 256 imeandikwa 255. Ukiifikia, sehemu inayochora matunda chini ya skrini huongeza 1 juu ya 255, hesabu inarudi sifuri, na badala ya kuchora matunda machache inazunguka mara 256. Matunda yakiisha inaendelea kuchora chochote inachokikuta kwenye kumbukumbu. Nusu ya kulia inajaa herufi na vipande vya rangi, vidonge vya kula vinavyobaki havifiki 244 vinavyohitajika kumaliza levo, na levo haiishi. Mchezaji hodari kiasi gani hawezi kupita hapo. Hakukosea popote, na anastahili kulijua hilo.

SWALI: Mistari ya rangi inawakawaka kwenye skrini ya kompyuta nikicheza. Nianzie wapi?

JIBU: Piga skrinshoti mistari ikiwepo, uifungue kwenye kifaa kingine. Ikiwa safi, kagua waya wa skrini, kisha skrini yenyewe. Ikiwa na mistari, jaribu gemu nyingine. Ikitokea kote, pima joto la kadi ya michoro, safisha vumbi kwenye feni na usakinishe upya draiva (programu inayoendesha kadi hiyo). Ikitokea kwenye gemu moja tu, agiza programu uliyoipakulia gemu ikague mafaili yake. Faili moja lililopakuliwa nusu linatosha kuharibu picha nzima.